Gari la Marehemu ni Lipi?

Kadi ya gari hapa Tanzania ina mistari mingi, lakini miwili ndiyo inayonishughulisha: namba ya chesisi na namba ya injini. Aliyeipanga kadi ile ni kama aliamini kwamba viwili hivyo vitaishi pamoja na kufa pamoja. Labda huko magari yanakotengenezwa ndivyo ilivyo. Kasulu sivyo. Nenda gereji ya hapa mjini na kadi mkononi, inama na tochi, chovya kitambaa kwenye dizeli ufute grisi hadi uione namba iliyogongwa kwenye bloku ya injini. Usishangae ukikuta Hilux ya 1991 ina moyo wa Surf ya 1996, na gia boksi ya gari la tatu ambalo hata fundi hajui liliishia wapi. Na mwenye gari atakwambia bila kupepesa jicho, "Hii tunayo tangu mwaka tisini na nane."

Ni ile ile kweli?

Swali hili ni la kale. Plutarch, Mgiriki aliyeandika miaka kama 1,900 iliyopita, anasimulia kwamba watu wa Athene waliitunza merikebu ya makasia 30 ya shujaa wao Theseus. Ubao ukioza wanaung'oa, wanaweka mpya, mpaka wanafalsafa wao wakagawanyika: hawa wanasema ni ile ile, hawa wanasema siyo. Mwaka 1655 Mwingereza Thomas Hobbes akalikoroga zaidi. Akauliza, je, kama kuna mtu alikuwa anaziokota zile mbao zilizotupwa, akaziunga upya kwa mpangilio ule ule? Sasa merikebu ziko mbili. Ya Theseus ni ipi?

Mimi napenda zaidi simulizi ya Wabudha, kwa sababu yenyewe ni ya gari. Mfalme Milinda alimwendea mtawa Nagasena akiwa amepanda gari la kukokotwa na farasi. Nagasena akamuuliza: gari ni ekseli? Hapana. Ni magurudumu? Hapana. Ni bodi, ni nira, ni hatamu? Hapana, hapana. Basi ni kitu gani kingine nje ya hivyo? Hakuna. Mfalme akabaki na jina tu mkononi. "Gari" ni neno tunalolitumia vipande vikikaa pamoja. Fundi wa Kasulu angemwelewa Nagasena haraka kuliko msomi wa chuo, maana yeye gari analiona limetandazwa juu ya turubai, boliti kwenye kopo la maziwa, pistoni zimepangwa kama vikombe, na mwenye gari amesimama pembeni anauliza, "Gari yangu iko wapi?"

Ila Nagasena na Milinda walikuwa wanajadiliana tu. Hakuna aliyekuwa anasubiri kulichukua gari aende nalo nyumbani. Kwetu swali hilo lilikuja kwenye kikao cha ukoo, na mimi ndiye niliyepewa kalamu kuandika muhtasari wa kupeleka Mahakama ya Mwanzo kwa ajili ya mirathi. Muhtasari hauna nafasi ya kuandika "inategemea".

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Baba aliacha Hilux, kebini moja, ile ambayo mafundi wanaiita LN106. Ilizaliwa na injini ya 3L, dizeli ya lita 2.8 isiyo na turbo, yenye nguvu za farasi 90 hivi, injini mvumilivu kama punda. Ilibeba maharage ya vijijini, ikashuka nayo Kigoma ziwani, ikarudi na dagaa, au na chumvi ya Uvinza. Kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Zaire, biashara ya upande wa Makere ikakua, na baba alikuwa mmoja wa walioliona soko hilo mapema. Siku za soko alibeba na watu juu ya magunia. Tusijifanye hatujui kwamba ndivyo watu walivyosafiri.

Injini ikafa njia ya Makere. Rejeta ilikuwa inavuja siku nyingi, maji yakaisha, silinda hedi ikapasuka, na kufikia hapo ringi zilishachoka zenyewe. Fundi aliinua mikono. Ovahoo ingewezekana, lakini spea zake na safari ya kuzifuata vilikaribia bei ya injini nzima ya mtumba. Kaka yetu mkubwa, anayefanya kazi Mwanza, akasema aachiwe yeye. Akanunua Dar es Salaam injini ya 1KZ-TE, lita 3.0, yenye turbo, ikaja juu ya lori.

Anayedhani kubadili injini ni kutoa hii na kuingiza ile hajawahi kuona kazi hiyo. Maunti za zamani hazikukaa, fundi akazikata akachomelea nyingine kwenye chesisi. Gia boksi ya zamani haikukubaliana na injini mpya, ikabidi iletwe ya kwake, na propela ikafupishwa. TE maana yake pampu ya dizeli inatawaliwa kwa umeme, kwa hiyo zikaja waya zake zote na kompyuta yake, tukatafutiwa fundi umeme. Rejeta kubwa zaidi, maana injini hizi zinajulikana kwa kupasuka hedi zikipata joto. Wiki tatu. Siku lilipowashwa baba alikaa kwenye kiti, akasikiliza, akasema, "Sauti siyo yake." Halafu akacheka, akaondoka nalo kwenda kutafuta maharage.

Namba ya injini kwenye kadi ikabaki ile ya 3L. Taarifa inatakiwa kupelekwa TRA, gari likaguliwe, kadi ibadilishwe. Baba alisema atakwenda. Miaka miwili baadaye tukamzika.

Kabla ya kufa alisema mbele ya wazee kwamba gari ni la dada yetu mdogo, aliyekuwa anafanya naye biashara. Hakuna aliyepinga kwamba alisema. Kaka alipinga kitu kingine kabisa. Alisema, kwa upole, na ndiyo maana ilikuwa ngumu: "Baba alimpa dada gari yake. Sawa. Lakini gari ya baba ilikufa Makere. Hii inayotembea nimeiweka mimi."

Ukumbi ulinyamaza. Hoja ilikuwa na miguu. Bila injini yake pale palikuwa na chuma cha kufugia kuku. Fedha zake, tena nyingi, zilikuwa chini ya boneti ile, na risiti anazo. Dada naye akajibu kwamba chesisi ni ya baba, bodi ya baba, namba za gari za baba, jina kwenye kadi la baba, na wateja wanaosimamisha barabarani wanasimamisha "gari ya mzee". Shangazi akaingia kwa mlango wake: "Siku hizi Muhimbili wanapandikiza figo. Mtu akipewa figo na kaka yake, kuanzia siku hiyo mke wake ni wa kaka?" Watu wakacheka. Kaka hakucheka. "Figo haiuzwi, shangazi. Injini niliinunua."

Nilipokuwa naandika nilikumbuka kwamba Warumi walishakutana na kesi hii, bila dizeli. Katika sheria zilizokusanywa chini ya mfalme Justinian mwaka 533 kuna swali la mtu aliyefuma uzi wa zambarau wa mwenzake kwenye nguo yake mwenyewe. Zambarau ilikuwa ghali kuliko nguo, lakini wakasema uzi unaifuata nguo, mwenye uzi atafute fidia. Kuna na lingine zuri zaidi, la sanamu iliyoungwa mkono wa sanamu nyingine. Ukiungwa kwa kuyeyusha chuma kile kile hadi kikawa kimoja, mkono umemezwa, ni wa mwenye sanamu. Ukiungwa kwa risasi, kitu cha tatu kinachoweza kuyeyushwa tena, kila mmoja bado ana chake.

Yaani boliti na weldingi! Nilimuuliza fundi, aliyekuwa ameitwa kama shahidi, injini imefungwaje. Akasema, "Yenyewe boliti nne, nusu saa imetoka. Maunti nimechomelea." Warumi hawakuacha jibu la gari lililo nusu hivi na nusu vile.

Na Hobbes alikuwepo pia, nyuma ya nyumba. Ile 3L haikutupwa. Imekaa chini ya mwembe miaka yote hii, imefunikwa bati. Kijana mmoja wa ukoo, mwanafunzi, akauliza kitu ambacho wazee walikiona ni utani: tukiifanyia ovahoo ile, tukaifunga kwenye Hilux nyingine ya kununua, namba ya injini italingana na kadi ya baba. Je, hilo ndilo litakuwa gari la baba? Mzee mmoja akamwambia aende akaangalie kama chai imeiva. Mimi nililiandika.

Kilichogeuza kikao ni swali la baba mdogo, ambaye alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Aliuliza: "Siku ile ya ng'ombe, nani alikwenda?"

Wote tuliijua siku ile. Miezi michache baada ya injini mpya kufungwa, Hilux ilikuwa inateremka njia ya Heru Juu na mzigo. Dereva aliyezoea 3L alizoea pia uchovu wake. 3L ilikuwa inapanda kilima ikihema, inafika juu haina haraka, inateremka taratibu. 1KZ ilifika juu bado inataka kwenda. Breki zilikuwa zile zile. Chini ya mteremko kulikuwa na ng'ombe, na kulikuwa na mtoto anayemchunga. Mtoto aliruka. Ng'ombe alikufa.

Baba ndiye aliyekwenda kwa mwenye ng'ombe, akakaa kwenye kigoda, akasikiliza maneno, akalipa. Hakusema injini ni ya mwanangu aliye Mwanza, mkamuulize yeye. Hata wazo hilo halikumpitia mtu kichwani, kaka mwenyewe akiwemo. Baba mdogo hakulifafanua swali lake. Aliliacha pale katikati kama mtu anayeweka fimbo chini.

Tangu siku ile nimekuwa nikifikiri kwamba swali la "ni lile lile?" halina jibu hadi ujue ni nani anauliza, na anataka kumshika nani. John Locke, katika sura aliyoiongeza kwenye toleo la 1694 la kitabu chake kuhusu akili ya binadamu, anasema kwamba neno "mtu", kwa maana ya yule yule wa jana na leo, ni neno la mahakamani. Tunalihitaji ili tujue nani wa kulipwa na nani wa kuadhibiwa. Yeye alikuwa anasema juu ya binadamu. Mimi nadhani linaenea hadi kwenye Hilux. Chesisi haina utakatifu wowote. Serikali inaishikilia namba yake kwa sababu ndicho kipande kigumu zaidi kubadilisha, na ukitaka kumfuata mtu unashika penye mpini. Mama wa yule mtoto hakuhitaji kujua mbao ngapi za merikebu zimebadilishwa. Alihitaji nyumba ya kwenda kugonga hodi.

Kwa hiyo lile lilikuwa gari la baba, kwa maana kwamba baba ndiye aliyekuwa anajibu. Hoja ya kaka ilikuwa ya kweli kuhusu chuma, na ya haki kuhusu fedha, lakini ilikuwa inadai kitu kikubwa kuliko inachokibeba. Aliyetoa injini anadai. Kudai siyo kumiliki. Hata hivyo sikubaliani na waliosema palepale kwamba alitoa "zawadi kwa mzazi", basi imeisha. Huo ni ujanja wa kutolipa. Mtoto anapomsaidia mzazi hasemi masharti, ndiyo, ila kutosema masharti hakumfanyi awe kaitupa pesa yake barabarani ili mdogo wake aiokote.

Na hapa nilisogelea jambo ambalo kwangu ni zito kuliko mirathi. Kaka, katika kuonyesha jinsi gari lilivyo lake, alieleza mipango yake: kuweka intakula kubwa zaidi, kuongeza presha ya turbo kidogo, kubadilisha bomba la ekzosi. Huko Marekani, alisema, watu wanafunga hadi supachaja kwenye pikapu za Toyota, na ni kweli. Toyota yenyewe kupitia tawi lake la TRD iliwahi kuiuza kwa ajili ya Tacoma ya V6 ya lita 3.4.

Tofauti ya vitu hivyo viwili inafaa kuelezwa, maana watu wanavichanganya. Vyote vinasukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda ili dizeli au petroli nyingi zaidi iungue. Turbo, aliyoiombea hataza Mswisi Alfred Büchi mwaka 1905, inazungushwa na moshi unaotoka, yaani inakula makombo. Supachaja inazungushwa kwa mkanda kutoka kwenye krenki, inaiomba injini nguvu kwanza ndipo iirudishie zaidi. Kwetu turbo ina maana ya pekee. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, Kasulu iko zaidi ya 1,200, na kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi. Injini isiyo na turbo inapanda kutoka Kigoma huku inapungukiwa pumzi, kama mzee kwenye ngazi. Turbo inairudishia. Sina ugomvi na turbo. Anayesema injini kubwa ni majivuno hajawahi kukwama kwenye udongo mwekundu wa Januari na tani ya maharage nyuma yake, usiku.

Ugomvi wangu ni kwamba katika orodha yote ya kaka hapakuwa na breki. Katika orodha za watu wengi hazimo. Hesabu yake ni ya kidato cha pili: nguvu ya mwendo inakua kwa mraba wa kasi. Gari lililokuwa linateremka kwa kilomita 60 kwa saa likiteremka kwa 80, kasi imeongezeka kwa theluthi moja, lakini kazi ya breki kulisimamisha imekaribia mara 1.8. Ngoma za nyuma ni zile zile, chesisi ni ile ile, barabara ni ile ile, na ng'ombe wanavuka palepale.

Nguvu ni ya anayeendesha. Anaihisi kwenye mguu, anaisikia, anaisimulia kijiweni. Breki ni za mtu mwingine, na mara nyingi ni mtu asiyejulikana bado, aliye mbele kwenye kona, au aliye juu ya magunia ambaye amelipa nauli na hajawahi kuulizwa maoni yake kuhusu 1KZ. Ndiyo maana breki zinasahaulika: anayezihitaji hayupo gereji siku ya kupanga bajeti. Na ikiwa kumiliki ni kujibu, kama ninavyoamini, basi anayeongeza farasi 40 bila kuongeza breki amejitwalia gari kwa upande wa raha tu. Ule upande mwingine ameuacha kwa yeyote atakayekuwa kwenye kigoda siku ya maneno.

Dada alilielewa hili kuliko sisi wote, labda kwa sababu yeye ndiye angeendesha. Baba mdogo alipomuuliza kama yuko tayari kulichukua gari pamoja na siku zake za ng'ombe, hakusema ndiyo mara moja. Alisema atalichukua kwa masharti mawili. La kwanza, kabla ya kubeba gunia lolote, fedha za kwanza ziende kwenye breki: diski za mbele, silinda ya breki, ngoma zichongwe. La pili, watu juu ya magunia basi. Hili la pili lilizua kelele kuliko yote, kwa sababu nauli za siku ya soko ndizo zilizokuwa zinalipa dizeli. Shangazi alisema ni kiburi cha vijana. Dada akasema, "Shangazi, nikianguka nao, nani ataenda kwa watu wote hao?"

Muhtasari ukaandikwa. Gari, kwa namba ya chesisi iliyotajwa, ni la dada. Bei ya injini na gia boksi, kwa risiti, ni deni lake kwa kaka, litalipwa kwa misimu minne ya maharage. Gharama ya kuchomelea hakuna atakayeirudisha, kwa kuwa haiwezi kufunguliwa. Hicho kipengele nilikipendekeza mimi, na hakuna aliyeniuliza nimekitoa wapi. Kadi ipelekwe TRA ibadilishwe jina na namba ya injini kwa pamoja.

Misimu miwili imeshalipwa. Wa tatu mvua zilichelewa, kaka akakubali kusubiri, ingawa simu yake siku hizo ilikuwa fupi. Breki zilifungwa. Biashara ni ndogo kuliko ya baba, na kuna siku za soko dada anapita watu wakiwa wamenyoosha mikono na wengine wanatukana.

Mwezi uliopita fundi alikuja nyumbani kuiangalia ile 3L chini ya mwembe. Kuna mteja ana Hilux isiyo na injini, na bloku anasema bado ni nzima. Dada ametaja bei. Kaka naye amepiga simu kutoka Mwanza kusema kwamba iliyotoka ilitoka ili yake iingie, kwa hiyo nusu ni yake. Wamenitumia ujumbe wote wawili niangalie kwenye muhtasari. Nimeusoma mara mbili. Ukiondoa lile swali la mwanafunzi, ambalo lilijibiwa kwa chai, injini ile haikutajwa popote.